Vigae 140 Bila Nafasi ya Kupumua: Kisa cha Roshani Moja Buruburu

Roshani inayozungumziwa hapa ina urefu wa mita 4.2 na upana wa mita 3.0. Iko juu ya sebule iliyoongezwa nyuma ya nyumba ya ghorofa moja mtaani Buruburu, Nairobi, na mlango wake unatokea katika chumba cha kulala cha juu. Tuliitandika vigae vya kupachikana mwezi wa Julai. Septemba sakafu ikavimba katikati. Novemba maji yakavuka kizingiti yakaingia chumbani, na usiku huohuo doa la unyevu likajitokeza kwenye dari ya sebule iliyo chini. Mwenye nyumba, mwalimu mstaafu ambaye mtaa mzima humwita Mwalimu, aliamua kwamba vigae ndivyo vilivyomharibia nyumba. Alikosea, ingawa kosa lake halikunisafisha mimi niliyeisimamia kazi hiyo. Vigae havikutoboa chochote. Vilichofanya ni kufunika hitilafu ambazo zilikuwapo kabla yetu, na jinsi tulivyovitandika ndiyo iliyotuzuia tusizione mapema.

Kigae cha aina hii ni mraba wa sentimita 30 kwa 30, wenye unene wa takriban sentimita 2.2. Juu yake kuna vipande vyembamba vya ubao, au vya mchanganyiko wa unga wa mbao na plastiki, vilivyofungwa kwa skrubu kwenye wavu wa plastiki unaosimama juu ya vijiguu vifupi. Pande mbili za wavu zina ndimi na pande mbili nyingine zina pete. Ulimi wa kigae kimoja huingia kwenye pete ya jirani yake, ukakandamiza kwa goti au nyundo ya mpira ukasikia mlio mdogo, kazi ikawa imekwisha. Hakuna gundi, hakuna saruji, wala hakuna msumari unaoingia sakafuni. Maji ya mvua hupita katikati ya vipande, yakaanguka kwenye sakafu halisi iliyo chini, yakatiririka kati ya vijiguu hadi kwenye tundu la kutolea maji. Ni mfumo rahisi kiasi kwamba mtu asiyejua hata kushika mwiko anaweza kutandika roshani yake kwa asubuhi moja, na urahisi huo umewafanya wengi, mafundi wakiwemo, wasahau kwamba yapo mambo ya kupimwa kabla ya katoni ya kwanza kufunguliwa.

Mwalimu alikuwa na sababu nzuri ya kuvichagua. Sebule yake iliongezwa miaka mingi baada ya nyumba kujengwa, kama ilivyo kwa nyumba nyingi za Buruburu, na hakuna aliyebaki na mchoro wa kuonyesha ni nondo ngapi zilizowekwa ndani ya slabu ile, yaani bamba la zege linaloifunika sebule na kuibeba roshani. Awali alitaka kauri, lakini kauri huhitaji tabaka la saruji na mchanga chini yake, na tabaka la sentimita 5 pekee lina uzito wa zaidi ya kilo 100 kwa kila mita ya mraba kabla hujahesabu kauri zenyewe. Kigae kimoja cha kupachikana, nilipokiweka kwenye mizani, kilikuwa na kilo 1.8. Mita moja ya mraba huchukua vigae 11, yaani takriban kilo 20. Juu ya slabu ambayo historia yake haijulikani, tofauti hiyo si ndogo, na hadi leo naamini kwamba uchaguzi wake ulikuwa sahihi. Afadhali kuliko nyasi bandia, ambazo siku hizi zimeenea kwenye roshani za Nairobi kama sare ya shule, na ambazo hukaa na maji kama sifongo mahali ambapo sakafu haina mwinamo.

Kuhusu malighafi hatukubishana sana. Vigae vya mbao halisi, ambavyo vingi huwa vya mgunga au mkaratusi, hupendeza vikiwa vipya, ila jua la Nairobi, mji ulio karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na digrii moja na ushei tu kusini mwa ikweta, huvigeuza rangi ya majivu katika muda mfupi usipovipaka mafuta mara kwa mara. Mwalimu alisema wazi kwamba hatapaka mafuta kitu chochote isipokuwa chapati. (Wanaopaka wajue kwamba kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani kikiachwa kimekunjwa kinaweza kujiwasha moto chenyewe; kitandazwe nje kikauke.) Akachagua mchanganyiko wa unga wa mbao na plastiki, rangi ya kahawia iliyokolea. Rangi hiyo ndiyo iliyotuletea taabu ya kwanza, ingawa siku ile ya baridi ya Julai, mawingu yakiwa yameuziba mji tangu alfajiri, hakuna aliyewaza habari za jua.

Tulinunua katoni 13 zenye vigae 11 kila moja, jumla 143. Fundi wangu alinyoosha tepu upande wa urefu akasoma sentimita 420, akanyoosha upande wa upana akasoma 300, akatabasamu. Vigae 14 kwa 10, jumla 140, na vitatu vya akiba. "Mkubwa, hizi taili zimetengenezewa nyumba hii," aliniambia, nami nikatabasamu pia, kwa sababu roshani isiyohitaji kukatwa kigae hata kimoja hupatikana kwa nadra, na kukata ndiko kunakokula muda. Mstari wa mwisho ulipokataa kuingia, tuliupiga kwa nyundo ya mpira hadi ukaketi. Ukuta hadi ukuta hapakubaki nafasi ya kupitisha karatasi. Tulipiga picha. Kazi ilionekana safi kuliko nyingi tulizowahi kufanya, na ndani ya katoni tulizokunja tukazitupa kwenye pikapu mlikuwa na karatasi ya maelekezo yenye mchoro uliotaka nafasi iachwe kandokando ya kuta zote. Niliisoma miezi miwili baadaye.

Jambo lenyewe si fumbo. Kila kitu kilichotengenezwa kwa plastiki hutanuka kikipata joto na kusinyaa kikipoa, na mchanganyiko wa unga wa mbao na plastiki hutanuka kwa takriban milimita 0.04 kwa kila mita, kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka. Tulitandika asubuhi ya Julai, vigae vikiwa na nyuzi zipatazo 14. Mwishoni mwa Septemba, jua linapopita karibu moja kwa moja juu ya vichwa vyetu, kipimajoto nilichokilaza juu ya kigae saa nane mchana kilionyesha nyuzi 54. Tofauti ya nyuzi 40, katika urefu wa mita 4.2, ni karibu milimita 7. Mtu akisikia milimita 7 huona ni kitu cha kupuuza, upana wa penseli tu. Lakini milimita hizo zisipopata pa kwenda kando, huenda juu, na hesabu ya upinde haina huruma: utepe wa mita 4.2 uliobanwa ncha zote mbili, ukirefuka kwa milimita 7, unaweza kuinuka katikati kwa karibu sentimita 10. Wa Mwalimu uliinuka sentimita 4 kwa sababu ulegevu uliopo kati ya ndimi na pete ulimeza sehemu ya mtanuko. Alinipigia simu saa tisa. "Kijana wangu, njoo uone. Sakafu yako imefura kama chapati kwenye kikaango." Nilipofika saa kumi na mbili jua lilikuwa limepungua na uvimbe umeshuka nusu, jambo ambalo lilipaswa kunieleza kila kitu pale pale.

Jibu tulilolitoa Septemba ndilo ninalolijutia kuliko kosa la Julai. Kosa la kwanza lilikuwa la kutosoma karatasi. La pili lilikuwa la kutotaka kuangalia. Tulitoa mstari mmoja wa vigae kumi upande wa kushoto, tukavikata kwa msumeno mdogo wa umeme tukapunguza sentimita moja na nusu, tukavirudisha. Uvimbe ulilala siku hiyohiyo. Mwalimu alitupa chai, tukaondoka. Kama tungeinua vigae vya upande wa pili, chini ya vyungu vyake vya maua, tungekuta dalili za yale yaliyomfika Novemba, maana tayari yalikuwa yameanza. Fundi anayeitwa kurekebisha hitilafu moja huona kwamba kuinua kitu kingine ni kujitafutia kazi, nami sikuwa tofauti.

Kona ya kulia, mbali na mlango, ndimo lilimo tundu la kutolea maji: bomba la plastiki la milimita 50 lililopitishwa katika ukuta wa ukingo, likimwaga maji uani. Ndilo tundu pekee. Tulipotandika hatukuweka alama yoyote kwenye kigae kilicho juu yake, wala hatukukiacha kiwe cha kuinuliwa. Kilibanwa na wenzake kama vingine vyote. Kwa kuwa ilikuwa kona, Mwalimu aliweka hapo vyungu vitatu vikubwa, na kila alipomwagilia maji, udongo kidogo ulishuka kati ya vipande vya vigae. Ng'ambo ya ukuta wa nyuma umesimama mjakaranda. Wakazi wa Nairobi wanajua kinachotokea miti hiyo inapochanua, kati ya Septemba na Novemba: barabara zinageuka zambarau, watu wanapiga picha, na kila gata la mjini linajaa maua. Ua la mjakaranda ni jepesi na laini; likilowa hulala bapa kama karatasi, na likichanganyika na udongo wa chungu huwa uji mzito. Vijiguu vya vigae, ambavyo kazi yake ni kuacha maji yapite, vilikuwa chanuo lililoukusanya uji huo kutoka kila pembe na kuusukuma kidogo kidogo hadi mdomoni mwa tundu.

Usiku wa mvua kubwa ya Novemba, Mwalimu aliamka saa nane akakuta zulia la chumbani linaelea. Nilipofika asubuhi nilifanya hesabu ambayo ningeifanya Julai kama ningeinua macho. Maji ya paa kuu la nyumba, upande wa nyuma, yalikuwa yanaingia kwenye gata ambalo bomba lake la kushushia halikufika chini. Lilikatwa siku slabu ilipojengwa, na tangu hapo likawa linamwaga juu ya roshani. Upande huo wa paa una mita za mraba zipatazo 28. Ukijumlisha na roshani yenyewe, mita 12.6, unapata karibu mita za mraba 40 zinazotegemea tundu moja la milimita 50. Mvua ya milimita 30 kwa saa moja, ambayo wakati wa vuli haimshangazi mtu, inaleta hapo lita zaidi ya 1,200. Tundu lililo wazi lingezihimili. Tundu lililozibwa na uji wa maua liliziacha zipande.

Kizingiti cha mlango kilikuwa na kimo cha sentimita 7 kutoka kwenye slabu. Kabla maji hayajakivuka, roshani yote ilikuwa imebeba dimbwi lenye kina cha zaidi ya sentimita 7, na kila sentimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni kilo 10. Tulichagua vigae vyepesi ili tusiilemee slabu kwa kilo 100 kwa mita, kisha kwa kuziba tundu moja tukaiwekea kilo 70 na zaidi za maji. Kwa roshani nzima, karibu tani moja. Slabu ilivumilia. Hilo ni la kumshukuru Mungu pamoja na yule fundi wa zamani asiyejulikana, si la kutusifu sisi.

Mwalimu hakutaka kusikia habari za gata. Alichokiona ni doa la rangi ya chai kwenye dari ya sebule, upana wa sinia, mahali ambapo, kwa maneno yake, hapakuwahi kuwa na doa kabla ya vigae. Shemeji yake, aliyekuja kutoa pole, aliongeza kwamba bila shaka skrubu za vigae zilipita hadi kwenye slabu. Nilimwonyesha Mwalimu kigae kilichogeuzwa: skrubu zinaishia ndani ya wavu wa plastiki, na ncha zake hazifiki hata usawa wa vijiguu. Alikubali kuhusu skrubu, hakukubali kuhusu doa, na alikuwa na haki ya kutaka uthibitisho badala ya maelezo. Tukakubaliana kwamba vigae vyote vitoke.

Kuvitoa kulichukua asubuhi nzima, kwa sababu vigae vilivyobanwa haviinuki bila kitu kuvunjika. Ndimi za vigae vitano zilikatika. Chini yake sakafu ilikuwa imechorwa ramani ya kisa chote: upande wa mlango palikuwa pakavu na safi, katikati palikuwa na mistari ya matope iliyofuata vijiguu, na kwenye kona ya vyungu, siku tatu baada ya mvua, bado palikuwa na maji yenye viluwiluwi vya mbu waliokwisha kukua. Viluwiluwi wa ukubwa ule hawakuanza maisha siku tatu zilizopita. Kona ile ilikuwa na maji yaliyotuama tangu kabla ya usiku wa mafuriko, pengine tangu manyunyu ya kwanza ya Oktoba. Nilipoweka pimamaji juu ya ubao mrefu na kupima kutoka ukuta wa nyumba hadi ukingo, nilipata mwinamo wa sentimita 1.2 katika mita 3. Kwa sakafu ya nje, sentimita moja kwa kila mita ndicho kiwango cha chini ninachokikubali, yaani sentimita 3 kwa roshani hii. Maji yalikuwa yanatembea kwa kujikokota.

Kisha tukafanya jaribio lililopaswa kutangulia kila kitu. Tuliziba tundu kwa mpira uliofungwa kitambaa, tukajaza maji hadi kina cha sentimita 3 mahali pa chini kabisa, tukachora mstari wa penseli ukutani. Kando yake tuliweka beseni lenye maji, nalo tukalichora mstari ndani. Beseni ni la kumjibu yule atakayesema kwamba maji yamepungua kwa jua: beseni na roshani hupata jua lilelile, kwa hiyo kinachopungua zaidi kwenye roshani kimepita mahali pengine. Tulisubiri saa 48 bila mvua, jambo ambalo Novemba ni la kubahatisha. Beseni lilipungua milimita 4. Roshani ilipungua 7. Tofauti ya milimita 3, kwa mita za mraba 12.6, ni karibu lita 38, na doa la sebuleni lilikuwa limelowa upya mbele ya macho ya Mwalimu, bila kigae hata kimoja kuwepo juu.

Mahali penyewe palikuwa pale ukuta wa zamani wa nyumba unapokutana na slabu mpya. Sehemu kubwa ya mashariki mwa Nairobi imekaa juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao hufura ukilowa na kupasuka ukikauka, na nyumba iliyoongezwa sehemu baada ya miaka mingi huwa na misingi miwili isiyotembea pamoja. Ufa wa upana wa uzi ulikuwa umekimbia kwenye kiungo hicho kwa urefu wa zaidi ya mita moja. Lami ya kuzuia maji iliyopakwa zamani ilikomea hapohapo kwenye pembe, haikupandishwa ukutani hata sentimita moja. Tulipokwangua rangi ya dari ya sebule tulikuta tabaka mbili za rangi nyeupe juu ya doa la zamani. Mtu fulani, kabla yetu, alikuwa ameona uvujaji akaupaka rangi. Mwalimu alikumbuka, baada ya kimya kirefu, kwamba kabla ya arusi ya binti yake sebule ilipakwa rangi haraka haraka na hakuuliza mengi.

Kwa hiyo lawama iligawanyika, na niliona heri kuigawa kwa uwazi kuliko kuiacha ielee. Uvimbe wa Septemba ulikuwa wetu peke yetu. Kuziba kwa tundu kulikuwa kwetu pia kwa sehemu kubwa: maua yangeanguka hata kama roshani ingekuwa tupu, lakini yangeonekana, na fagio lingeyaondoa, sisi tuliyawekea kifuniko kisichofunguka. Ufa, mwinamo hafifu na gata lililokatwa vilikuwepo kabla hatujazaliwa katika kazi ile, lakini fundi anayefunika sakafu bila kuijaribu kwa maji amekubali kurithi madeni yake. Tulikubaliana kwamba nguvu zetu za kutoa na kutandika upya Mwalimu hatazilipia, na kwamba yeye atalipia kuziba ufa, tabaka jipya la kuzuia maji na mabomba. Gharama hiyo ilikaribiana na bei ya vigae vyenyewe. Alilalamika, kisha akalipa, na nadhani ningelalamika zaidi yake.

Kazi ya pili haikufanyika hadi Januari, kwa sababu tabaka la lami linalochomwa kwa moto halishiki juu ya saruji yenye unyevu, na kulazimisha wakati wa vuli ni kutengeneza malengelenge. Katika muda huo tulishusha bomba la gata hadi chini uani, na jambo hilo peke yake likaondoa zaidi ya theluthi mbili ya maji yaliyokuwa yakifika kwenye roshani. Ufa tulipanua kwa patasi ukawa mfereji mdogo, tukaujaza kizibo chenye kunyumbuka, maana saruji ngumu ingepasuka tena udongo ukisogea. Mwinamo tuliurekebisha kwa saruji na mchanga uliotiwa gundi ya ujenzi, tukainua upande wa nyumba hadi tofauti ikafika sentimita 3. Lami ilitandazwa kwa mapande yaliyopishana sentimita 10 na kupandishwa ukutani sentimita 15 pande zote, isipokuwa mlangoni, ambapo tuliipitisha chini ya kizingiti kwa kuwa hapakuwa na kimo cha kutosha.

Jambo ambalo sikuwahi kulifanya kabla ya kisa hiki ni tundu la pili. Tulilitoboa kwenye ukuta wa ukingo, kitako chake kikiwa sentimita 4 juu ya sehemu ya chini kabisa ya sakafu. Kwa vipimo vipya, kimo hicho ni zaidi ya sentimita 4 chini ya kizingiti cha mlango, hivyo tundu la kwanza likiziba tena, maji yatamwagika uani kwa sauti ya kumwamsha jirani kabla hayajafikiria kuingia chumbani. Kisha tukarudia jaribio la saa 48, tukiwa tumeziba matundu yote mawili. Safari hii beseni na roshani vilipungua sawa.

Chini ya vijiguu tulitandaza kitambaa kizito cha nyuzi za plastiki kinachopitisha maji, kwa sababu lami hulainika juani na kila kijiguu kingeacha kishimo chake. Tulianza kutandika kutoka mlangoni kwa vigae vizima, mikato ikaenda ukuta wa mbali ambako vyungu vinaificha. Kabari za mbao za milimita 12 zilisimama kandokando ya kuta zote na hazikutolewa hadi kigae cha mwisho kilipoketi. Fundi wangu aliuliza kwa nini tusipunguze nafasi, kwa kuwa ni Januari, jua ni kali na vigae vimeshatanuka. Hoja yake ilikuwa nzuri: anayetandika kwenye joto anahitaji nafasi ndogo kuliko anayetandika kwenye baridi. Nilimwambia aiache milimita 12. Vile vitano vilivyovunjika ndimi viliingia kwenye mistari ya pembeni, ambako ndimi zilikatwa hata hivyo, na vitatu vya akiba vikabaki kabatini mwa Mwalimu.

Kigae cha juu ya tundu tulikikata ndimi zote na kukiunganisha na wavu wake kwa skrubu mbili za ziada, kwa sababu kigae kisichoshikwa na jirani hulegea vipande vyake upesi. Kimekaa huru, kinainuka kwa ndoano ya waya. Vyungu vilihamia upande wa pili, juu ya visahani. Mwalimu alifunga uzi mwekundu kwenye kigae hicho ili msichana wa kazi asikikose, na alinitaka nimwandikie kwenye karatasi siku za kukiinua. Niliandika: kila Jumamosi miti ikichanua, na mara moja kwa mwezi nyakati nyingine.

Masika ya Aprili yalipita. Nilikwenda Mei kukagua, nikamkuta ameketi roshani, miguu ndani ya malapa kwa sababu, alisema, hii rangi yenu saa saba mchana huunguza nyayo. Dari ya sebule ilikuwa bado na doa lake, kavu, ambalo amekataa lipakwe rangi hadi vuli nyingine ipite.